Hawa Wanakula Nini?

Mwezi wa saba mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika maelezo ya kalenda. Mteja yuko ng'ambo, hatujawahi kuonana. Alinitumia picha 12, zote za kondoo kwenye theluji: kondoo kando ya ukuta wa mawe, kondoo chini ya mti usio na jani hata moja, kondoo wamesimama wakikodolea kamera macho huku migongo yao imefunikwa na kitu kama unga. Kila picha ilitaka sentensi tatu. Malipo hayakuwa ya kujivunia, lakini mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hachagui sana, na bando langu lilikuwa linaisha.

Sijawahi kuona theluji. Niliandika hivyo hivyo. Nikaweka ukimya, nikaweka weupe, nikaweka amani. Mteja akafurahi.

Wiki hiyo hiyo nilipanda matatu kutoka Eldoret mjini hadi Ainabkoi kumwona nyanya yangu, ambaye sisi Wakalenjin humwita kogo. Julai kule juu si mchezo. Mvua inaanza saa nane mchana, ukungu unalala kwenye viazi mpaka saa nne asubuhi, na hakuna anayetoka jikoni bila sababu. Tulikuwa tumekaa karibu na moto nikamwonyesha zile picha kwenye simu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alizitazama moja baada ya nyingine, simu ameishika mbali na macho, kisha akauliza, "Hawa wanakula nini?"

Nikamwambia sijui.

"Umeandika habari za kondoo na hujui wanakula nini," akasema, akanirudishia simu yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisaka jibu, na msako wenyewe umenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia: Njoro, London, hadi kwenye zizi la babu yangu. Maana kondoo wa theluji na watu wa huku juu wana historia ndefu, na si yote ya kuwekwa kwenye kalenda.

Tuanze na theluji yenyewe. Kuna wakati wasomi wa Ulaya walikataa katakata kwamba inaweza kuwepo huku. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alikiona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Kiongozi wa msafara wake hakuwa na maneno mengi juu ya ule weupe. Aliuita baridi, basi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Disemba, mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alizipinga kwa miaka. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani, macho yamewadanganya.

Miaka 50 baadaye kosa liligeuka upande wa pili. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901. Wageni wakapanda nyanda za juu, wakahisi baridi, wakaona ukungu na nyasi zisizo na mwisho, wakasema: kumbe hapa ni kwetu. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza hata ilitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya sehemu ya uwanda huu wa Uasin Gishu wajenge makao. Wakatuma watu kuja kuukagua, na mwaka wa 1905 mkutano wao ukasema asante, hapana. Wenyeji wa uwanda hawakuulizwa lolote.

Nitakuwa mkweli: baridi yetu si ya kusingizia. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Nakuru kwa njia ya reli ya zamani, kituo cha Timboroa kiko zaidi ya mita 2,700. Asubuhi za Januari, mbingu ikiwa wazi usiku kucha, kuna mabonde ambako nyasi huamka nyeupe. Ni jalidi, ile wakulima wetu huita frosti, na inaweza kuua shamba zima la viazi kwa usiku mmoja. Mtu aliyetoka nchi ya theluji akiamkia asubuhi kama hiyo, simlaumu akikumbuka kwao. Lawama yangu inaanzia pale alipoamua kwamba kwa kuwa panafanana, basi ni pamoja.

Aliyelipia kosa hilo kwanza, na kwa pesa nyingi, ni Lord Delamere. Mwaka wa 1903 alipewa ekari 100,000 pale Njoro kwa mkataba wa miaka 99, akaliita shamba lake Equator Ranch, yaani ranchi ya ikweta. Akaagiza kondoo wa sufu kutoka New Zealand, mamia ya Merino safi. Safari ya meli, kisha treni, kisha nyasi za Njoro ambazo kwa macho zilikuwa nzuri ajabu. Wengi wa kondoo wale walikufa ndani ya muda mfupi.

Swali la kogo lilikuwa pale pale Njoro likimsubiri mtu wa kuliuliza. Wanakula nini? Walikula nyasi nzuri wakashiba, na bado wakakonda. Udongo wa sehemu hizo za Nakuru una upungufu wa kobalti, madini ambayo tumbo la kondoo linayahitaji kwa kiasi kidogo mno, lakini bila hicho kidogo mnyama hudhoofika akiwa amesimama ndani ya malisho. Baadaye wataalamu waliupa ugonjwa huo jina la nakuruitis. Wamaasai hawakuwa na neno kobalti, ila walijua kwamba pale si mahali pa kulaza mifugo. Walikuwa wakipita.

Kilichomwokoa Delamere kwenye biashara ya kondoo ni kitu ambacho hukioni kwenye picha zake: kondoo jike wa Wamaasai, wale wekundu wenye mkia mnene na manyoya mafupi kama ya mbuzi. Aliwapandisha na madume ya kigeni, na hatua kwa hatua akapata kondoo wa sufu anayeweza kuishi huku. Kwa hivyo ukisikia watu wakisifu kondoo wa Bonde la Ufa kama urithi wa Wazungu, kumbuka kwamba urithi huo ulikuwa na mama, na mama yake hakutoka New Zealand.

Huku kwetu kwenye uwanda, njia ilifunguliwa kwa bunduki. Wanandi walipigana na Waingereza kwa muongo mzima, toka 1895, mpaka Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwenye kikao kilichoitwa cha amani. Vita vilivyofuata vilichukua ng'ombe, kondoo na mbuzi kwa maelfu. Watu huwakumbuka ng'ombe, na ndivyo ilivyo kwetu, ng'ombe ndiye mwenye nyimbo. Lakini kondoo ndiye aliyekuwa mlo wa mama aliyejifungua, mafuta ya mtoto, ngozi ya kulalia. Kumchukua kondoo ni kuingia mpaka chumbani.

Miaka mitatu baada ya hapo wakafika Makaburu. Julai 1908 familia zipatazo 50, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, zilitoka kusini mwa Afrika kwa meli mpaka Mombasa, zikapanda treni hadi Nakuru, kisha zikafunga magari ya maksai na kupanda mlima. Iliwachukua kuanzia Agosti hadi Oktoba kufika Sergoit, wakikata misitu na kusukuma magari yaliyozama kwenye matope. Leo matatu inamaliza safari ya Nakuru hadi Eldoret kwa saa tatu, na abiria bado wanalalamika. Mashamba yakapimwa na kupewa nambari. Kwenye nambari 64 ikajengwa posta, na wenyeji wakaiita Sisibo, yaani sixty-four ilivyosikika masikioni mwao. Mwaka wa 1912 mji ukapewa jina la Eldoret, lakini wazee wetu waliendelea kwenda Sisibo maisha yao yote.

Nimewafikiria sana Makaburu hawa kwa sababu ya Julai. Kwao, kusini, Julai ndiyo baridi kuu. Mtu wa Uingereza alipofika hapa alikuta baridi imekuja mwezi ambao kwao ni kiangazi. Mtu wa Transvaal alikuta kalenda inamkubali. Nadhani hilo lilimfanya aamini haraka zaidi kwamba ardhi hii ilikuwa ikimngoja yeye.

Sasa nifike kwa babu yangu, maana hapa ndipo picha ya kondoo kwenye uwanja mtupu inaponikera. Uwanja huwa mtupu kwa sababu kuna mtu ameutupu.

Baba yake babu alikuwa skwota kwenye shamba la mlowezi, upande wa Ainabkoi. Sheria ya 1918 ilitaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kuishi na kulisha mifugo yake shambani. Mwanzoni walowezi hawakujali sana mifugo hiyo. Walitaka vibarua, na mifugo ndiyo iliyowaleta vibarua. Mambo yalibadilika kondoo na ng'ombe wa gredi walipoongezeka. Sasa mifugo ya Mwafrika ikawa ugonjwa unaotembea. Miaka ya 1920, hasa upande wa Naivasha na Nakuru, walowezi walianza kuondoa mbuzi na kondoo wa maskwota kwa nguvu. Watu waliofagiliwa walikipa kipindi hicho jina la Kiswahili ambalo halihitaji maelezo: kifagio. Kisha sheria ya 1937 ikayapa mabaraza ya wilaya ya walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota hadi idadi waitakayo, na kuongeza siku za kazi.

Kwetu amri ilifika kama ilivyofika kwa wengi. Baba yake babu aliambiwa achague: auze au ahame. Aliuza, na kwa bei ya anayeuza akisimamiwa. Lakini kabla ya siku ya kuuza, usiku, alitoa kondoo jike watatu akawapeleka kwa shemeji yake ndani ya rizavu ya Wanandi. Hao watatu ndio hadithi ya familia yetu. Kogo huisimulia kila Krismasi bila kuongeza kitu wala kupunguza.

Babu mwenyewe, miaka ya 1950, alikuwa mchungaji wa kondoo wa sufu wa mlowezi huyo huyo. Aliamka saa kumi usiku wakati wa kuzaa, akawapasha moto wanakondoo ndani ya koti lake. Aliwanywesha dawa, aliwapeleka joshoni, aliwakata sufu. Kipande chake kiliandikwa kazi yake kwa neno moja la Kiingereza. Uhuru ulipokuja na Makaburu wengi wakaondoka, babu alinunua ekari chache kupitia mpango wa makazi mapya. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kujenga nyumba, ni kwenda rizavu kuuliza kama wale kondoo bado wana wajukuu. Walikuwa nao.

Hao ndio kondoo wa kogo hadi leo. Wekundu, mkia mnene, sura za kawaida kabisa. Hakuna atakayewaweka kwenye kalenda.

Mimi pia niliwadharau, nikiri. Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani na mawazo makubwa. Nikachukua akiba ya miezi minane ya kuandika makala za watu, nikanunua Dorper watano. Dorper ni kondoo wa Afrika Kusini aliyetengenezwa miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Persian wa kichwa cheusi. Mwili mweupe, nyama nyingi, bei nzuri Krismasi. Kogo aliwatazama wakishuka kwenye pikapu akasema, "Ni wazuri." Hakusema zaidi.

Mvua ndefu ilipokolea, wa kwanza akaanza kuvimba chini ya taya. Nikadhani amegongwa. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo akanionyesha ufizi: mweupe kama karatasi. Minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Nikawapa dawa, nikachelewa, nikawapa tena. Kufikia Agosti nilikuwa na Dorper mmoja. Kondoo wa kogo, wanaolala zizi hilo hilo na kula nyasi hizo hizo, hawakupoteza hata mmoja.

Si miujiza. Miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya ILRI waliwafuga Dorper na kondoo wekundu wa Maasai pamoja kule Diani, pwani, mahali penye unyevu na minyoo tele, wakawapima vizazi kwa vizazi. Wekundu walibeba minyoo kidogo, damu yao ilibaki imara, na wanakondoo wao walikufa wachache zaidi. Katika maeneo makavu Dorper alijitetea vizuri. Palipo na unyevu mwaka mzima, kondoo wetu alikuwa mbele. Huyo mnyama alishafanya mtihani huu kwa karne nyingi, na waliofeli hawakuacha watoto.

Na hapa ndipo theluji inaporudi. Zile picha zangu za kalenda zinaonyesha theluji kama adui wa kondoo, na kweli huwaua. Lakini ni dawa pia. Baridi inayogandisha ardhi huwaua au kuwalaza wadudu wengi wa malisho, na wale minyoo wanyonya damu, wakiwa bado wachanga kwenye nyasi, hawaipendi kabisa. Kondoo wa nchi hizo amelelewa na mwaka wenye milango: mchana ukianza kufupika anatafuta mume, anazaa nyasi mpya zinapoota, na kila mwaka theluji inasafisha meza. Mlete Ainabkoi, karibu na ikweta, ambako mchana ni saa 12 Januari na saa 12 Julai. Mlango haufungwi kamwe. Nyasi ni kijani miezi mingi, na minyoo iko kazini muda wote huo. Baridi yetu haigandishi. Inalowesha tu. Ukiihisi kwenye ngozi utadhani ni baridi ya Ulaya. Ndani ya tumbo la kondoo ni nchi nyingine kabisa.

Kwa nini Wazungu waliona ya kwanza wasione ya pili, sidhani ni ujinga. Delamere alikuwa mtu wa kujaribu na kujifunza, alilipa gharama yake. Ila picha ya kwao ilikuwa imetangulia kichwani, na penye picha tayari, swali dogo la jikoni halipati nafasi. Mimi nilifanya vile vile miaka 100 na ushee baadaye, tena mjukuu wa mchungaji.

Kuna mtu wa Eldoret aliyefunga safari hii kinyume. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa hapa. Mwaka wa 1996 alipelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, kitu ambacho hakuwahi hata kukiona, na mwaka wa 1998 akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani. Mbio za kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimaliza. Boit alikuwa bado njiani, anaanguka anainuka. Dæhlie alisubiri kama dakika 20 pale mwisho, sherehe za medali zikangoja, mpaka Boit alipofika wa mwisho, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Naipenda hadithi hii kwa sababu moja. Mgeni aliingia nchi ya baridi bila kudai kwamba ni kwao. Alianza kwa kuuliza wenyewe wanasimamaje.

Mwishowe nilipata jibu la kogo. Wanakula nyasi kavu. Kuna mtu huzikata kiangazi, akazikausha, akazifunga na kuzihifadhi ghalani, na asubuhi ya theluji huzibeba begani kuwapelekea. Wengine hupewa mizizi iliyopandwa kwa ajili hiyo. Nilimpigia simu nikamwambia. Alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo kuna mtu," akasema. "Mbona hayuko kwenye picha?"

Juzi nilikuwa Ainabkoi tena. Baba mdogo amekuja na pendekezo: wauzwe kondoo wote wekundu, kumi na mmoja, anunuliwe dume wa Dorper na majike ya kisasa. Hesabu yake kwenye karatasi ni nzuri, na sina haki ya kumcheka mtu anayetafuta karo ya watoto watatu. Nchi nzima inafanya hesabu hiyo hiyo. Dorper ameingia kila mahali, na kondoo mwekundu asiyechanganywa anazidi kuwa adimu hata Umaasaini. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Saa tisa ikaanza mvua ya mawe. Ilipiga mabati hatukusikizana tena. Ilipokoma, uwanja mzima ulikuwa mweupe, kuanzia mlangoni hadi kwenye ua. Mwaka wa 2008 ilinyesha hivyo karibu na Nyahururu, mawe yakagandana mlimani, watu wakatoka mbio wakisema theluji imefika Kenya, na wataalamu wa hali ya hewa wakalazimika kueleza kwamba ni mvua ya mawe tu. Nilielewa wale watu. Kondoo wetu walikuwa wamesimama pale katikati ya weupe, wekundu, wakipukusa masikio. Nikatoa simu nikapiga picha.

Kogo akanipita na fagio, akaanza kufagia barafu kwenye kihori ili wanakondoo wafikie majani ya mahindi. Nikaweka simu mfukoni nikachukua fagio la pili.

Tulipomaliza nilimwambia baba mdogo auze wanane, lakini majike watatu ninunue mimi, kwa bei ya soko. Malipo ya kalenda yalikuwa yameingia, yakiwa yamechelewa. Hayakutosha. Akanikopesha salio.